Miezi Kumi na Mmoja Iliyobaki: Shughuli za Misimu kwa Wazee wa Sebleni, Welezo na Limbani

  

Ndugu zetu katika imani, tumetakiwa tuzungumze juu ya wazee wetu wanaoishi katika nyumba za kulelea wazee, nazo ni Sebleni na Welezo hapa Unguja, na Limbani kule Wete, Pemba. Haki za wazee zimekwisha kuzungumzwa mara nyingi katika mimbari zetu, na aya ya 23 na ya 24 za Suratul Israa hatudhani kama yumo humu msikitini asiyezijua. Kwa hivyo hatutayarejea hayo. Tumekusudia jambo moja ambalo kwa kuonekana dogo limeachwa kando, nalo ni hili: mzee anayeishi katika nyumba hizi, siku ya Jumanne isiyokuwa na sikukuu yoyote, katika mwezi wa Mfunguo Tano, saa nne za asubuhi, anafanya nini?

Mwenye kwenda atamkuta amekaa. Chai amekwisha kunywa, ameketi ukingoni mwa kitanda au barazani, anangojea chakula cha mchana. Akisha kula atangojea Alasiri, na baada ya Alasiri atangojea Magharibi. Chakula kipo, kitanda kipo, na wauguzi wapo. Serikali imebeba jukumu hilo na mwenye kushukuru na ashukuru. Kilichokosekana ni shughuli. Hapana kinachomngojea yeye. Yeye ndiye mwenye kungojea kila kitu.

Kisha inaingia Ramadhani, na hali inageuka. Vikundi vinapishana mlangoni. Huyu kaleta mchele, yule sukari, mwengine tende na unga wa ngano, na huenda jioni moja zikaletwa futari mbili hata chakula kikalala. Picha zinapigwa, mzee ameshikishwa mfuko wa mchele, mtoaji ameushika upande wa pili naye anatazama kamera. Mfunguo Mosi ikitimia siku nne au tano, miguu inakatika, hadi mwaka mwengine. Hatusemi kwamba mchele ule si sadaka. Sadaka ni sadaka, na malipo yake yapo kwa Allah, maadamu mtoaji hakuiharibu kwa masimango na maudhi, kama tulivyoonywa katika aya ya 264 ya Suratul Baqara. Na ikiwa mtu anataka kujua maudhi ni nini, basi na amuulize mzee aliyepigwa picha kumi na tano siku moja. Lakini Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Allah ni ile yenye kudumu hata ikiwa ni chache. Siku thelathini za pilau na siku mia tatu na zaidi za kimya si kudumu.

KAZI YA YULE BIBI WA MSIKITINI

Mnakijua kisa cha yule bibi mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Alikufa usiku, watu wakamzika bila ya kumwamsha Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akaambiwa amekufa, akawalaumu kwa kutomwarifu, kisha akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda kumsalia. Kisa hiki kimo katika Sahihi mbili, na mara nyingi tunakitaja kwa ajili ya fadhila za kusafisha msikiti au kwa ajili ya hukumu ya kumsalia maiti kaburini.

Sisi tunaomba leo kitazamwe kwa upande mwengine. Yule bibi hakuwa na ukoo uliotajwa wala mali iliyotajwa. Alikuwa na kazi yake. Ufagio wake ulimpa mahali katika jamii ya watu bora, na alipoondoka mahali pale pakaonekana pana pengo. Sasa tuulizane: mzee wa Sebleni asiyepewa la kufanya, akiondoka, ni pengo gani litakaloonekana? Kitanda kitatandikwa upya, basi. Ndio maana tunasema kwamba kumpatia mzee shughuli si kumpumbaza ili siku ipite. Ni kumrudishia mahali pake.

Na wenye elimu ya tiba watakwambieni zaidi: goti lisilokunjwa hukakamaa, kidole kisichoshika kitu hulegea, mwenye kusinzia mchana kutwa usiku hupigwa na macho makavu, na mwenye kukaa ubavu mmoja hufanya vidonda. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na kurudishwa katika umri dhalili kabisa. Umri huo hatuna uwezo wa kuuzuia, lakini tunao uwezo wa kutouharakisha.

Kabla hatujaendelea, neno moja la pembeni. Nyumba hizi zimewekwa kwa ajili ya asiyekuwa na mtu. Mwenye watoto wenye uwezo, wakamleta hapa wapate nafasi, hao wana hisabu yao na hatuna cha kuwaongezea leo.

KALENDA MBILI

Wazee wetu waliishi kwa kalenda mbili na hawakuona tabu. Walikuwa na miezi ya mwandamo, kuanzia Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani, na walikuwa na misimu ya pepo na mvua: kaskazi, masika, kipupwe, vuli. Ya kwanza iliwaendesha katika ibada, ya pili katika shamba na bahari. Sisi vijana tunaijua Januari na Disemba. Anayetaka kupanga shughuli za mwaka katika nyumba ya wazee na aanze hapo, kwenye kalenda wanayoijua wenyewe, na pengine shughuli ya kwanza kabisa iwe kuwakalisha wawaeleze vijana mwaka ulivyokuwa ukihisabiwa.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba kalenda hizi mbili zinapishana. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Ramadhani ya mwaka 2016 iliingia mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe. Ile ya mwaka 2024 ilianza Machi na kuingia Aprili, masika yakiwa yanafungua. Na mwaka 2030, kwa hisabu ya wanafalaki, utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyengine ikianza mwisho wa Disemba, zote katika joto la kaskazi. Mpango wa futari uliofaa mwaka 2016 hautafaa mwaka 2030. Kwa hivyo tutayazungumza ya misimu peke yake na ya miezi peke yake, na mwenye kupanga atayaunganisha.

MASIKA

Masika, Machi hadi Mei, ndio msimu mgumu kuliko yote kwa mzee. Uwanja una tope, ngazi zina utelezi, mifupa inauma, mbu wamezidi, na mgeni wa kawaida hatoki kwake kwa mvua. Mzee anayeanguka na kuvunjika nyonga huenda asisimame tena. Basi masika ni msimu wa ndani, na kazi za ndani wazee wetu wanazo tele mikononi mwao.

Ya kwanza ni ukili. Bibi aliyelelewa Makunduchi au Micheweni alisuka ukili kabla hajaanza kufunga Ramadhani, na jambo la ajabu katika kazi hii ni kwamba haitaki macho, vidole vinajua. Wapo mabibi ambao macho yao yamekwisha kuondoka lakini wakipewa miyaa iliyokwisha kuchanwa wanasuka sawasawa bila ya kukosea. Mtu apeleke miyaa, na rangi kwa wanaotaka rangi, na ukili ukitimia pima zake upelekwe kwa mshonaji utoke msala. Kisha msala ule uletwe hapa msikitini utandikwe. Hebu fikirini jinsi bibi yule atakavyopokea habari kwamba watu wanasujudu juu ya kazi ya mikono yake, naye yuko kitandani anapata thawabu!

Kofia za kushona ni jambo jengine, na hizo zinataka macho na mwanga mzuri, wachache watamudu. Lakini hata asiyemudu kushona anaweza kukaa na kijana akamfundisha, kwani vijana wetu wanavaa kofia na hawajui hata jina la ushonaji uliomo kichwani mwao.

Masika vile vile ni wakati wa kupanda. Mzee asiinamishwe kwenye jembe. Yachukuliwe madebe na ndoo kuukuu, yatobolewe chini maji yapite, yajazwe udongo na samadi, yapandishwe juu ya meza au matofali mpaka yafike kiunoni mwa mtu aliyekaa. Mchicha ukipandwa humo utachumwa baada ya wiki tatu au nne, bamia baada ya miezi miwili hivi. Na mchaichai, mrehani na pilipili zitadumu zaidi ya hapo. Kila debe liwe la mzee wake kwa jina lake, amwagie maji yeye, achume yeye, na apeleke jikoni yeye. Bwana Mtume (S.A.W.) ametubainishia kwamba alichokipanda Muislamu, akila ndege au mtu au mnyama, basi ni sadaka kwake. Na imepokewa kwake pia kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza na aupande. Mwenye kusema mzee wa miaka tisini hana haja ya kupanda, na aifikiri Hadithi hiyo.

KIPUPWE NA KARAFUU

Juni hadi Agosti hewa ni baridi, mvua zimepungua, jua si kali. Huu ndio msimu wa kutoka. Wapo wazee katika nyumba hizi ambao hawakuona nje ya ukuta kwa muda mrefu, ilhali kijiji alichozaliwa mmoja wao kiko mwendo wa saa moja kwa gari. Tunapendekeza kila kipupwe kila mzee anayeweza kusafiri apelekwe mara moja mahali alipopachagua mwenyewe. Aulizwe yeye, na asichaguliwe. Mmoja atataka pwani akaone vyombo vinaingia. Mwengine atataka msikiti aliosomea. Mwengine atataka makaburi ya wazee wake awatolee salamu na kuwaombea dua, na hilo ni sunna kwani ziara ya makaburi inakumbusha Akhera. Wanaomchukua wawe wawili kwa mzee mmoja, wamchukue baada ya dawa zake za asubuhi, wajue choo kiko wapi huko waendako, na wamrudishe kabla hajachoka. Safari ya saa tatu iliyopangwa ni bora kuliko ya siku nzima iliyovurugika.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, msimu wa karafuu hufunguka kuanzia Julai hivi na huenda ukaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kuchuma ni kazi ya vijana wanaopanda miti, lakini kuchambua ni kazi ya jamvini. Watu hukaa duara, karafuu zimemwagwa katikati, mikono inatenga karafuu na vikonyo vyake, na midomo inazungumza. Mzee wa Limbani amechambua karafuu maisha yake yote na harufu yake tu inamfufua. Mwenye shamba aliye jirani na apeleke pakacha mbili tatu jioni. Kwa sharti moja: walipwe. Wapewe kile wanachopewa wachambuaji wengine, mkononi, siku ile ile. Ujira wa mtu na utolewe kabla jasho lake halijakauka, na jasho la mzee halikutolewa katika hukumu hiyo. Mwenye kuona kwamba anawapa wazee "mazoezi" na huku anachambuliwa karafuu bure, huyo anajidhulumu nafsi yake.

VULI NA KASKAZI

Vuli inaingia na tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1990 iwe Siku ya Wazee Duniani. Sisi hatuna Idi zaidi ya mbili na hatuitukuzi siku hiyo kwa ibada. Lakini siku hiyo viongozi hutembelea nyumba hizi, na waganga huwa tayari kushirikiana; basi mwenye hekima huitumia. Tuombe uchunguzi wa macho ufanywe wakati huo, kwani mtoto wa jicho ni maradhi yanayotibika, na mzee aliyerudishiwa jicho moja amerudishiwa Msahafu wake, kofia yake na nyuso za watu.

Mwisho wa mwaka maembe yanajaa, na mabibi wanajua achari kuliko duka lolote. Visu wasipewe wenye mikono ya kutetemeka. Hao wapewe kuonja na kuamrisha, na kuamrisha nako ni kazi, tena ni kazi waliyoikosa zaidi. Skuli hufungwa Disemba, na hapo madrasa zetu zina watoto wasiokuwa na la kufanya. Kila mtoto aliyefika Juzuu Amma na apewe mzee wake mmoja, aende mara moja kwa wiki amsomee sura moja na mzee amsahihishe ikiwa anajua. Asipojua, basi mtoto amfundishe taratibu. Na mwenye kusoma Qur'an kwa uzito na tabu ana ujira mara mbili, kama ilivyothibiti. Joto la kaskazi likizidi, shughuli zote ziwe baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri, na maji yawe karibu.

Tuliulizwa na kijana mmoja juu ya bao. Wazee wa kiume wakikusanyika wanataka bao, na yeye alisikia kwamba kila mchezo ni haramu. Kilichokatazwa waziwazi katika Hadithi ni nardi, mchezo wa dado. Bao letu lina mashimo thelathini na mbili na kete sitini na nne, halina dado, na mwendo wake wote ni hisabu na akili. Tunavyoona, likiepushwa na kamari na matusi, na lisipopitisha wakati wa sala, halina ubaya, na kwa mzee lina manufaa ya akili. Anayelichukia na asilicheze, lakini asiende kulitwaa mbele ya mzee.

PISHI YA MZEE

Tuje sasa kwenye miezi. Katika Ramadhani wapo wazee wasioweza kufunga kwa uzee au kwa maradhi ya sukari na shinikizo la damu, na baadhi yao wanaona haya, wanajificha wanapokula, au wanaacha dawa wapate kufunga. Na waelezwe kwa upole kwamba Sharia imewaondolea uzito. Ibn Abbas (R.A.) aliifasiri aya ya 184 ya Suratul Baqara kuwa inamhusu mzee wa kiume na wa kike wasioweza kufunga, walishe masikini kwa kila siku, na Anas bin Malik (R.A.) alipozeeka alifungua na akalisha. Mzee asiyekuwa na uwezo wa hiyo fidya hakukalifishwa asichokiweza, na Imam Malik aliona fidya kwa mzee ni jambo lenye kupendeza tu, si wajibu. Asiyefunga naye ana nafasi yake katika Ramadhani: akune nazi, achambue tende, apange vikombe, awaite watu futari imekuwa tayari. Tarawehe isaliwe humo ndani, kwa sura fupi, na viti viwepo, Imran bin Husayn (R.A.) aliruhusiwa na Mtume kusali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa.

Lakini la muhimu zaidi ni la mwisho wa mwezi. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikitoa pencheni jamii kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Maana yake ni kwamba baadhi ya wazee wana akiba kidogo. Zakatul Fitri, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, inamlazimu kila Muislamu aliyebakiwa na zaidi ya chakula chake cha usiku na mchana wa Idi. Kwa hivyo wamo katika nyumba hizi wazee ambao ni watoaji, na jamii imewafanya wote kuwa wapokeaji.

Tunawaomba vijana waende kabla ya Idi kwa siku moja au mbili na mizani na gunia la mchele. Mzee mwenye uwezo anunue pishi yake, takriban kilo mbili na nusu, kwa pesa zake. Ipimwe mbele yake, na aikabidhi kwa mkono wake mwenyewe kwa familia masikini ya mtaani iliyoletwa hapo. Asipokewe na kijana kwa niaba yake. Mikono ile imekuwa ikielekea juu kwa miaka mingi. Siku hiyo na iwe ndio mkono ulio juu. Hatujui shughuli iliyo bora kuliko hiyo katika mwaka mzima, na gharama yake kwetu sisi ni mizani tu.

Mfunguo Tatu kuna udhiya. Mnyama apelekwe akachinjiwe pale pale uwanjani, wasipelekewe kifuko cha nyama kilichokwisha kufungwa. Wamo humo waliokuwa wachinjaji mashuhuri. Wasimamie, waangalie kisu, waelekeze kibla, wapige takbira. Mabibi wagawe mafungu. Hata wauza nyama wa zamani wana maneno yao juu ya ukataji wa siku hizi, na tuwasikilize.

MFUNGUO SITA

Hapa tunataka kusema kwa uwazi, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi watu wa daawa kuliko wengine. Msimamo wa jumuiya yetu juu ya Maulidi unajulikana, na hatujaugeuza. Lakini imetokea vijana kwenda kwa wazee katika mwezi huo, mzee ametaja Maulidi aliyoyasikia tangu utotoni, na kijana aliyesoma vitabu viwili akasimama kumsomea hukumu ya bid'a mbele ya watu, mpaka mzee akalia. Hiyo si daawa. Abubakar (R.A.), siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, alimleta baba yake Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye nywele nyeupe, na huyo alikuwa bado hajasilimu. Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba laiti angemwacha mzee nyumbani kwake, naye Mtume angemwendea. Ikiwa mshirikina mkongwe alistahiki kufuatwa nyumbani na mbora wa viumbe, vipi kwa mzee aliyemswalia Mtume miaka themanini?

Basi katika Mfunguo Sita, na katika mwezi wowote, tupeleke sira yenyewe. Kila Alkhamisi kisa kimoja, kwa Kiswahili chepesi, na wao waulize na wasimulie walivyofundishwa. Wanachokijua kisichokuwa sahihi kitajisahihisha chenyewe mbele ya kilicho sahihi, bila ya mtu kuvunjiwa heshima. Na simulizi zao za maisha zirikodiwe kwa simu, kwa ruhusa yao na kwa sauti tu ikiwa hawataki picha. Vyuo vya Qur'an walivyosoma, masheikh waliowafundisha, majahazi waliyopanda, mashamba waliyolima.

Wamo pia katika nyumba hizi wazee wasiokuwa Waislamu, wengi wao waliokuja kufanya kazi mashambani wakazeekea hapa. Debe la mchicha ni lao vile vile, na safari ya kipupwe ni yao. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikutukataza kuwafanyia wema, na kulazimishana hakumo katika dini. Tusisahau kwamba Welezo masista wa Kikatoliki wamewahudumia wazee kwa muda mrefu, wakiwaosha na kuwalisha kwa mikono yao, wakiwemo Waislamu. Hatulisemi hili kwa kumtahayarisha mtu, ila ukweli una haki ya kusemwa.

Limebaki la utaratibu. Tunapendekeza misikiti minne ishirikiane kwa kila nyumba, kila msikiti wiki moja ya mwezi, siku moja maalumu isiyobadilika, watu wasiozidi sita ili wazee wasizongwe. Kwanza waonane na msimamizi wa nyumba, wapange naye, na wafuate masharti yake. Kuwe na daftari moja lenye jina la kila mzee, anachokipenda, anachokimudu na dawa anazotumia. Mzee akifariki, msikiti wa zamu wiki hiyo ndio wenye kuhakikisha anaoshwa, anasaliwa na anazikwa na safu za watu, na jina lake litangazwe hapa baada ya sala kama linavyotangazwa la mtu mwengine yeyote. Daftari la Sebleni liko kwa katibu, mlangoni upande wa kulia, na tunahitaji majina sita kwa Jumanne ijayo, pamoja na mwenye madebe makuukuu nyumbani kwake.